Kama 7 × 6 ni 42, hiyo 5 iliyobaki inakwenda wapi?

*"Mwanangu ana miaka 9. Jedwali la kuzidisha analo kichwani mpaka 10 × 10, na hesabu kama 42 ÷ 6 anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Lakini nikimpa 47 ÷ 6, mara aniambie haigawanyiki, mara aandike 6 baki 11, na juzi kaandika 8 baki 1. Nilipomwambia jibu ni 7 baki 5 akaniuliza: 'Si ulisema kuzidisha ni kinyume cha kugawanya? Mbona 7 × 6 si 47?' Sikuwa na la kumjibu. Nimfundisheje? Au nisubiri wafike kwenye desimali, baki liondoke lenyewe?"*

Mwanao amekubana kwa haki. Kanuni uliyompa ameichukua jinsi ilivyo, akaijaribu kwa 47, ikamkatalia. Kosa si lake. Kanuni yenyewe ilimfikia nusu.

Kabla ya kuimalizia hiyo nusu, tuyatazame majibu yake matatu, maana kila moja lina akili ndani yake. Anaposema "haigawanyiki", anasema kweli kwa kiasi chake: hakuna namba nzima unayoweza kuizidisha kwa 6 ukapata 47. Anapoandika 6 baki 11, hesabu inajumlika sawasawa, kwani 6 × 6 ni 36, na 36 + 11 ni 47, ila ameacha kazi kabla haijaisha. Na 8 baki 1 ameipata kwa kutafuta jirani wa karibu zaidi wa 47, ambaye ni 48, halafu akaandika tofauti yao. Hiyo 1 ipo kweli, lakini haikubaki: imepungua. Kwa hiyo jedwali analijua vizuri kwa kwenda mbele, kutoka 6 × 7 hadi 42. Asichokijua bado ni kulitumia akiwa amesimama mahali ambapo jedwali halipiti, na ujuzi huo hauji wenyewe kwa kukariri zaidi.

Sasa ile kanuni kwa ukamilifu wake. Kugawanya kwenye baki hakurudishwi kwa kuzidisha peke yake. Kunarudishwa kwa kuzidisha, kisha kujumlisha kilichobaki:

47 ÷ 6 = 7 baki 5, kwa sababu 6 × 7 + 5 = 47.

Hilo ndilo jibu la swali lake. Ukifunga kokoto 47 katika mafungu ya sita sita, utapata mafungu 7 na kokoto 5 pembeni. Ukitaka kuzirudisha 47 zako, hutafungua mafungu tu ukaziacha zile 5 sakafuni. Utazichanganya zote. Na 42 ÷ 6 si hesabu ya aina nyingine: ni hiyo hiyo, ila pembeni hakuna kitu. Ningependa mwanao aandike 42 ÷ 6 = 7 baki 0 kwa wiki moja au mbili, ingawa mwalimu hatadai hiyo sifuri. Mtoto anayeandika "baki 0" haoni tena baki kama dalili ya hesabu iliyoharibika.

Liko sharti moja ambalo watoto huambiwa kama amri: baki lazima liwe dogo kuliko namba inayogawa. Akiambiwa hivyo tu atalisahau, kwa sababu hajui linalinda nini. Mwonyeshe. Sentensi 6 × 7 + 5 ni 47, lakini vilevile 6 × 6 + 11 ni 47, na 6 × 5 + 17, na 6 × 4 + 23. Zote ni kweli. Ukiruhusu zote, 47 ÷ 6 itakuwa na majibu manane tofauti, kuanzia 7 baki 5 mpaka 0 baki 47. Kinachochagua moja ni swali hili: katika kilichobaki, fungu lingine la 6 linatoka? Kwenye 11 linatoka, basi endelea. Kwenye 5 halitoki, basi umefika. Swali hilo aulize kwa mdomo kila mara. Lina nguvu kuliko ile amri, kwa sababu likijibiwa "ndiyo" linamwambia pia la kufanya.

Picha inayofanya kazi kuliko zote ninazozijua haihitaji kifaa chochote zaidi ya daftari la miraba. Mwambie aandike namba kuanzia 0, sita kwa kila mstari:

0 1 2 3 4 5
6 7 8 9 10 11
12 13 14 15 16 17

na kuendelea mpaka 59. Aanze na 0, si 1. Ukianza na 1 picha yote inaharibika. Mstari wa kwanza auite mstari wa 0, unaofuata mstari wa 1, na kadhalika. Safu za kusimama nazo azipe majina 0 hadi 5, kutoka kushoto. Halafu atafute 47. Ataikuta mstari wa 7, safu ya 5. Atafute 20: mstari wa 3, safu ya 2, na 20 ÷ 6 ni 3 baki 2. Atafute 4: mstari wa 0, safu ya 4. Hapo ndipo mtoto anapokubali bila ugomvi kwamba 4 ÷ 6 ni 0 baki 4, jibu ambalo watu wazima wengi hulikataa.

Mwache akae na picha hiyo. Safu ya 0 ni jedwali lake la 6 alilolikariri: 0, 6, 12, 18, 24, mpaka 54. Kila namba nyingine iko kulia kwa mojawapo ya hizo, hatua 1 hadi 5. Hatua ya sita haipo, kwa kuwa ukiichukua unaangukia mstari unaofuata. Ndiyo maana baki la kugawa kwa 6 haliwezi kufika 6, na ndiyo maana mabaki yanajirudia 0, 1, 2, 3, 4, 5, 0, 1, 2 bila mwisho. Pia kosa lake la 8 baki 1 linaonekana kwa macho: 48 iko mstari wa chini, mbele ya 47, na kutoka 48 huwezi kwenda kulia ukafika 47. Kesho yake aandike jedwali lingine lenye namba tano kwa mstari, kesho kutwa lenye saba. Majedwali matatu yanatosha.

Kokoto, vifuniko vya chupa au vijiti vinahitajika pia, lakini si kwa muda mrefu kama wazazi wengi wanavyodhani. Mpe 23. Azifunge kwa mbilimbili, kisha tatutatu, mpaka sabasaba, na kila mara aandike sentensi ya kuzidisha kwanza, alama ya kugawanya baadaye: 2 × 11 + 1, 3 × 7 + 2, 4 × 5 + 3, 5 × 4 + 3, 6 × 3 + 5, 7 × 3 + 2. Zote zinaishia kwenye 23. Dakika 20 hivi, mara mbili au tatu, kisha weka kokoto pembeni. Ukimwona anahesabu moja moja kila fungu ilhali jedwali analo kichwani, vitu vimeanza kumchelewesha.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata walimu. Kufunga mafungu ya sita ni tofauti na kugawia watu sita. Katika la kwanza unajua ukubwa wa fungu na unatafuta idadi ya mafungu. Katika la pili unajua idadi ya watu na unatafuta fungu la kila mmoja. Mtoto aliyefundishwa kwa kugawia watu tu huona 6 × 7 + 5 kama kitu kigeni, kwa sababu kwenye sahani sita zenye kokoto saba saba hazioni sita sita zake. Dawa ni kugawa kwa mizunguko: kokoto moja kila sahani, kisha tena moja kila sahani. Kila mzunguko unakula kokoto 6. Baada ya mizunguko 7 zimetoka 42, na zile 5 hazitoshi mzunguko mwingine. Akishaona kwamba mzunguko mmoja ni fungu moja la 6, njia mbili zimekuwa moja.

Hatua inayokosekana kwa mwanao, kama nilivyosema, ni kurudi nyuma kwenye jedwali. Ifanyie mazoezi peke yake, kwa mdomo, dakika 5 kwa siku. Wewe taja namba, yeye ataje kigawe cha 6, yaani namba ya kwenye jedwali la 6, kilicho karibu nayo zaidi bila kuivuka: 47, aseme 42; 33, aseme 30; 59, aseme 54; 20, aseme 18; 36, aseme 36 yenyewe. Usimuulize bado "mara ngapi" wala "imebaki ngapi". Watoto wengi hukwama kwa kulazimika kufanya mambo matatu kwa pamoja: kutafuta kigawe, kukumbuka kimetokana na mara ngapi, na kutoa. Likishakuwa jepesi lile la kwanza, mengine mawili hushuka yenyewe. Akivuka, kama alivyofanya kwa 48, mwandikishe majirani wote wawili, 42 na 48, na 47 katikati, kisha umuulize: "Kokoto zako 47 zinatosha kufika 48?"

Kuhusu uandishi, nina tahadhari moja. Alama ya usawa katika "47 ÷ 6 = 7 baki 5" hutumika kwa mazoea, na shule nyingi zinaikubali, lakini haiko imara. Angalia: 11 ÷ 3 ni 3 baki 2, na 17 ÷ 5 nayo ni 3 baki 2. Je, hesabu hizi mbili ni sawa? Hapana. Katika ya kwanza zile 2 ni sehemu ya fungu la 3, katika ya pili ni sehemu ya fungu la 5. Ukiandika kwa sehemu, ni 3 na theluthi mbili dhidi ya 3 na sehemu mbili za tano. Baki bila namba iliyogawa halina ukubwa unaojulikana. Kwa hiyo mbele ya kila "baki" nataka nione sentensi ya pili, 11 = 3 × 3 + 2 na 17 = 5 × 3 + 2. Hiyo ya pili ndiyo inayosimama wima, na ndiyo anayoitumia kujikagua bila kukuuliza wewe.

Kwenye sentensi hiyo kuna mtego mdogo. Mtoto mwerevu ataona 47 = 6 × 7 + 5 na kusema basi 47 ÷ 7 ni 6 baki 5. Ni kweli, kwa sababu 5 ni ndogo kuliko 6 na kuliko 7 pia. Mpe 27 = 7 × 3 + 6. 27 ÷ 7 ni 3 baki 6, sawa. Je, 27 ÷ 3 ni 7 baki 6? Kwenye 6 yanatoka mafungu mengine mawili ya tatu, na jibu ni 9 baki 0.

Sasa hesabu kubwa zaidi, ambako uhusiano huu ama unamwokoa ama unapotea kabisa. Chukua 97 ÷ 6. Wako wanaofundisha kwa kuchota: toa mafungu 10 ya sita, yaani 60, zinabaki 37; toa mafungu 6, yaani 36, inabaki 1; mafungu 10 na 6 ni 16, basi 16 baki 1. Wengine wanafundisha njia ndefu ya kawaida: 6 kwenye 9 inaingia mara 1, inabaki 3, shusha 7, 6 kwenye 37 inaingia mara 6, inabaki 1. Ukiniuliza ipi, nitakwambia aanze na kuchota. Kila kinachoandikwa pale kina maana yake halisi, na akichota kidogo mno hajakosea, atachota tena. Gharama yake ni urefu: kwa 4,375 ÷ 6 mtoto anayechota kidogo kidogo atajaza ukurasa mzima na kukosea katika kutoa. Njia ndefu ni fupi, ingawa jina halisemi hivyo, ila inaficha kinachotendeka. Ile "3" iliyobaki kwenye 9 si tatu. Ni makumi 3, yaani 30, ambayo hayakutosha kutoa kumi zima kwa kila fungu, yakavunjwa kuwa mamoja na kuungana na 7. Kugawanya kwa njia ndefu ni baki juu ya baki. Asiyeelewa baki atafuata hatua kama mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Shule yake ikishaanza njia ndefu, usimletee vita vya njia mbili katika wiki moja. Fuata ya shule, na wewe nyumbani shughulika na ukaguzi. Ukaguzi ndio unaokamata kosa maarufu la sifuri: 617 ÷ 6, mtoto aandike 12 baki 5. Amegawanya 6, akaiona 1 haitoshi, akairuka badala ya kuandika 0. Mwambie azidishe: 6 × 12 + 5 ni 77. Tulitaka 617. Jibu ni 102 baki 5, na 6 × 102 + 5 ni 617 kamili. Kosa lingine ni la kufuta sifuri: katika 470 ÷ 60 anafuta sifuri mbili, anapata 7 baki 5. Ile 7 ni sahihi. Baki ni 50, kwani 60 × 7 ni 420. Sifuri alizofuta zilikuwa zinasema "hesabu kwa makumi", basi baki lake ni makumi 5.

Kuhusu kusubiri desimali: hapana, usisubiri. Desimali haiondoi baki, inaliendeleza kuligawanya. Mtoto asiyejua baki ni nini ndiye anayeandika 47 ÷ 6 = 7.5, amechukua 5 akaibandika nyuma ya nukta. Hiyo 5 ni sehemu tano za sita, kama 0.83. Kikokotoo kitamwonyesha 7.8333333, na akitaka baki kutoka hapo itambidi arudi kwenye 6 × 7 na kutoa 42 kwenye 47. Zaidi ya hayo, maswali mengi hayataki desimali. Wasafiri 47 kwenye magari ya watu 6 wanahitaji magari 8. Utepe wa sentimita 47 unatoa vipande 7 vya sentimita 6. Lita 47 katika mitungi 6 ni lita 7 na sehemu tano za sita kila mtungi. Namba ni zile zile, majibu matatu, na kinachochagua ni kusoma swali. Mwambie amalize hesabu kwanza, 7 baki 5, kisha ajiulize zile 5 ni nani na zinafanywaje.

Tena kuna maswali ambayo baki ndilo jibu lenyewe. Leo Jumatatu, baada ya siku 47 itakuwa siku gani? Lugha yetu imerahisisha: Jumamosi ni ya 1, Jumapili ya 2, Jumatatu ya 3. Chukua 3, ongeza 47, upate 50. 50 ÷ 7 ni 7 baki 1. Mosi. Jumamosi. Angalia tu kwamba Alhamisi ina jina la Kiarabu la "tano" lakini kwa hesabu hii ni ya 6, na Ijumaa ndiyo baki 0. Baadaye atakutana na baki tena katika kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa namba mbili bila baki, kwa njia inayofungamanishwa na Euclid, Mgiriki wa mnamo 300 KK: 84 = 30 × 2 + 24, kisha 30 = 24 × 1 + 6, kisha 24 = 6 × 4 + 0, na KKS ya 84 na 30 ni ile 6, baki la mwisho kabla ya sifuri.

Kwa mtoto anayelijua jedwali kama wako, ningetarajia wiki mbili hadi nne za dakika 15 kwa siku. Kama baada ya muda huo bado anavuka mara kwa mara, punguza namba: fanya kwa 2, 5 na 10 tu, kisha 3 na 4, halafu ndipo urudi kwenye 6.

Mambo haya yakionekana, onana na mwalimu wake ana kwa ana: anahesabu kwa vidole hata 4 + 3, akiwekewa makundi mawili ya kokoto yenye tofauti ya wazi hajui lipi kubwa mpaka ahesabu, jedwali alilolijua jana leo halipo, wiki baada ya wiki, au anaumwa tumbo na kulia daftari la hesabu likitajwa. Macho na masikio yapimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyeona ubao vizuri hufanana sana na mtoto asiyeelewa. Yakiwa salama, omba mtaalamu wa matatizo ya kujifunza amtazame, kwani kuna ugumu maalumu wa namba uitwao diskalkulia, ambao hauhusiani na uvivu wala akili ndogo na hautambuliwi kwa majaribio ya nyumbani. Kwa uliyoyaeleza, mwanao haonyeshi dalili hizo. Lakini ukienda, nenda na daftari lake jinsi lilivyo. Usifute makosa: ile 6 baki 11 na ile 8 baki 1 zitamweleza mwalimu mengi kuliko ukurasa wenye vema tupu.